Meseji Ipo, Ila Haionekani

(Hii ni hotuba niliyotoa Jumamosi asubuhi pale Kurasini, kwenye kikao chetu cha watu wa klirinsi, yaani kutoa mizigo bandarini, na usafirishaji. Wengi mlikuwa bandarini au njiani mkaniomba niiandike. Nimeiweka yote kama nilivyoisema, nimeacha tu zile picha za ukutani.)

Shikamooni wakubwa zangu mlioko huku mbele. Ndugu zangu wote, habari za asubuhi.

Naomba nianze na swali, mnijibu kwa mikono. Nani hapa wiki hii ameandika kwenye grupu la kazini, "jamani ile DO ya juzi nani anayo, aitume tena"? DO, yaani ile hati ya laini ya meli inayoruhusu mzigo utolewe. Nyoosheni bila kuogopa. Haya, karibu ukumbi mzima, na mkono wangu mimi uko juu. Swali la pili. Hiyo DO ilikuwa haipo? Ilikuwepo! Ilikuwepo humo humo kwenye grupu, ilitumwa siku mbili nyuma, iko ndani ya simu yako wewe mwenyewe, umeibeba mfukoni toka asubuhi, na bado unaiomba. Kitu unacho na wakati huo huo huna. Hicho ndicho kilichonileta hapa leo, na naomba mnivumilie maana ni jambo limeniuma muda mrefu.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye kampuni moja hapa mjini, sitaitaja. Tulikuwa na grupu moja tu la WhatsApp, watu kama arobaini, madereva, watu wa forodha, wahasibu, bosi, mpaka mlinzi wa yadi, na kila kitu kinapita humo. Jumanne moja saa tano asubuhi mwenzetu akaweka DO ya kontena la mteja wa Lubumbashi. Haikupita nusu saa ikaja taarifa ya msiba wa mama wa dereva wetu mmoja. Na sisi mnatujua, msiba ukitangazwa kila mtu anatoa pole, ndivyo inavyotakiwa. Zikaja pole arobaini, ikaja orodha ya michango, na ile orodha inakopiwa, mtu anaongeza jina lake chini anaituma tena, mwingine anakopi anaongeza anatuma, mpaka jioni grupu zima ni orodha ya michango. DO ikazama huko chini.

Ijumaa mteja anapiga simu. Mimi ndiye niliyetakiwa kuitafuta. Nikafungua grupu, nikagusa kile kioo cha kutafutia, nikaandika namba ya kontena. Hakuna. Nikaandika tena polepole, herufi moja moja. Hakuna. Nikamwambia bosi DO haijafika, bosi akamwambia mteja, mteja akaanza kuwagombeza watu wa laini ya meli ambao walishatuma toka Jumanne. Jumatatu ndipo yule mwenzetu alipokuja ofisini akaniuliza, "mbona niliiweka?" Akanionesha. Na kweli ipo, nimeiangalia kwa macho yangu.

Shida ilikuwa nini? Nafasi. Yeye aliandika zile herufi nne, akaacha nafasi, akaandika namba tatu, akaacha nafasi, namba tatu nyingine, halafu kistari na namba ya mwisho. Mimi nilitafuta zote zimeungana. Kwa mimi na wewe ni namba ile ile, kwa simu ni vitu viwili visivyojuana kabisa.

Siku za bure zilishakwisha. Storeji, yaani ada ya mzigo kukaa bandarini, ilihesabiwa kwa siku, kwa kontena, na bandu bandu huisha gogo. Tuliilipa sisi ile hela, na yule mteja hakutupa mzigo mwingine tena. Kwa sababu ya nafasi kati ya herufi na namba!

Sasa nawauliza, nyie ni watu wa makontena, mnaijua hiyo namba kuliko mimi. Herufi nne, ya nne ni U, halafu tarakimu sita, halafu ile moja ya mwisho iliyochorewa kiboksi mlangoni. Ile ya kwenye kiboksi inakokotolewa kutokana na zile nyingine zote, kusudi mtu akikosea kuandika mfumo ugundue. Yaani dunia nzima, Shanghai, Rotterdam, Durban, Mombasa, imekubaliana namna moja ya kuandika sanduku la chuma. Na sisi watu arobaini wa grupu moja tumeshindwa kukubaliana.

Ndio maana nasema, na nitarudia mpaka mchoke: kutafuta kunaanza siku ya kuandika. Wengi tunadhani kutafuta ni kazi ya yule anayehangaika Ijumaa mteja akiwa kwenye simu. Hapana jamani. Ilikuwa kazi ya Jumanne, ya yule aliyetuma. Nikiandika "imetoka bosi", nimemwandikia bosi wa dakika ile tu. Nini imetoka? Ipi? Imetoka wapi, kwenye scan, kwenye ICD, yaani yadi ya makontena nje ya bandari, au getini? Baada ya wiki mbili ile meseji haina kazi hata kwangu mimi niliyeiandika. Ila nikiandika namba ya kontena imeungana, namba ya BL, yaani ile hati ya mzigo wa meli, jina la mteja, halafu "imetoka getini saa nane mchana", nimewaandikia watu wawili kwa wakati mmoja, bosi wa leo na yule asiyejulikana atakayekuja kuulizia mwezi wa tisa. Sekunde kumi za ziada, labda kumi na tano.

Na hizo misiba na michango, wekeni grupu lake. Nasema hivi kwa heshima kabisa. Msiba wa mwenzetu unastahili mahali pake ambapo hakuna mtu anatuma picha ya sili ya kontena katikati ya pole.

Twende kwenye sauti.

Naomba niwaambie kuhusu mzee mmoja dereva, nilifanya naye kazi, yeye ni wa njia ya Tunduma, Nakonde, mpaka Kasumbalesa. Mzee huyu haandiki. Macho yamechoka, vidole vikubwa, na mara nyingi yuko kwenye foleni ya mpakani juani. Anatuma voisi. Voisi zake ni nzuri kuliko ripoti za watu wa ofisini, anakwambia foleni imeanzia wapi, ofisa gani yuko zamu, karatasi gani wameikataa na kwa nini. Dakika mbili mpaka tatu. Tulikuwa na voisi zake mia na kitu, na siku tulipobishana na mteja kuhusu gari lilifika lini mpakani, jibu lilikuwa ndani ya moja kati ya zile mia. Ipi? Dada mmoja wa ofisini alikaa mchana mzima na spika sikioni anasikiliza moja baada ya nyingine. Mchana mzima! Alipoipata ilikuwa ni sentensi moja tu.

Sasa kuna watu wanasema tupige marufuku voisi. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Ukimkataza yule mzee voisi, hutapata maandishi kutoka kwake, utapata ukimya, na hapo umejikosesha taarifa nzuri kuliko zote ulizonazo. Tulichofanya sisi ni kwamba aliyeko ofisini akishaisikiliza, anaijibu ile ile voisi kwa kuivuta pembeni, anaandika mstari mmoja: namba ya gari, Tunduma, amefika tarehe fulani saa fulani, wamekataa karatasi fulani. Basi. Anayetafuta namba ya gari anauangukia huo mstari, anaugusa, unampeleka kwenye voisi yenyewe. Mwishoni mwa 2024 WhatsApp walitangaza huduma ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ila walianza na lugha chache na Kiswahili hakikuwemo, na hata siku kikiwemo sijui kama kitamwelewa mzee anayeongea injini ikinguruma.

Picha ni hivyo hivyo. Skrinshoti ya risiti, picha ya BL iliyopigwa juu ya meza ya chai. Usitegemee simu isome maandishi yaliyo ndani ya picha. Kabla hujabonyeza kutuma, pale chini kuna sehemu ya kuandika maneno. Andika. Na faili la PDF libadilishe jina, "scan0047" haimsaidii mtu yeyote duniani.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo silisikii likisemwa popote, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Kiswahili chetu.

Toeni simu. Ingieni kwenye grupu lolote la kazi, tafuteni neno "lipa". Umepata nini? Wengi mtapata kidogo sana. Je, ni kwamba hamjawahi kuzungumzia malipo? Mmezungumzia kila siku! Ila mliandika "nimelipa", "tumelipa", "hajalipa", "ameshalipa", "watalipa kesho", "imelipwa". Programu nyingi hizi zinalinganisha neno kuanzia herufi yake ya kwanza. Wenzetu waliozitengeneza, maneno ya lugha yao mengi hubadilika mkiani, kwa hiyo ukiandika mwanzo wa neno unayapata yote. Kiswahili kitendo kinabadilikia kichwani. Nani kafanya, lini kafanya, kafanya au hajafanya, vyote vinakaa mbele, na lile neno lenyewe linajificha nyuma. Kwa hiyo unatafuta "lipa" na simu inakujibu kwa unyoofu kabisa kwamba hakuna neno linaloanza hivyo.

Tufanyeje, tuache Kiswahili? Hata siku moja. Tafuta kwa jina la kitu, achana na kitendo. Usitafute "lipa", tafuta "risiti", tafuta "malipo", tafuta "ankara". Usitafute "fika", tafuta "Tunduma". Usitafute "haribika", tafuta "tairi", tafuta "gia boksi". Na ukiwa unaandika, tia hilo jina la kitu ndani ya sentensi yako. "Imelipwa" peke yake ni kama jiwe chini ya maji. "Malipo ya ankara namba fulani yamelipwa" utaikuta hata mwakani. Na mkubaliane neno moja. Ofisi moja nimekuta watu wanaandika invoice, invoisi, ankara, bili, na kijana mmoja anaandika "inv" tu. Neno lolote mtakalochagua ni sawa kwangu, ila liwe moja. Na hizi "xaxa" na "mzgo" na "cjapata" tuziache kwa marafiki, kwenye kazi andika neno zima.

Mnanifuata? Haya.

Kuna wakati hukumbuki neno wala namba. Hapo nini kinakusaidia? Sisi binadamu tunakumbuka kwa mtu, kwa mahali na kwa siku. Utasikia mtu anasema, "aliandika yule kaka wa forodha, ilikuwa wiki ile mvua ilifunga barabara ya Jangwani". Hapo ameshakupa kila kitu! Nani, wapi, lini. Tatizo ni kwamba tunaanza kuskrol badala ya kuiambia programu hivyo hivyo.

Wale mnaotumia Slack, ile programu ya mazungumzo ya kazini yenye magrupu yanayoitwa chaneli, kwenye sehemu ya kutafutia unaandika from: na jina la mtu, in: na jina la chaneli, after: na before: na tarehe, zote kwa pamoja kwenye mstari mmoja, na ukitaka meseji zenye linki tu unaongeza has:link. Maneno mawili yanayokwenda pamoja yafunge kwenye alama za kunukuu. Teams ya Microsoft nayo inakubali from: na in:, na ukiwa ndani ya mazungumzo ukibonyeza Ctrl na F unatafuta humo humo tu. WhatsApp tangu mwanzoni mwa 2024 unaweza kutafuta kwa tarehe, ukifungua kutafuta ndani ya grupu utaona kikalenda, unagusa siku unayotaka inakurusha pale. Na kwenye taarifa za grupu kuna ukurasa wa picha, linki na nyaraka, kila kimoja na sehemu yake. Kama unatafuta PDF kwa nini uskrol katikati ya salamu?

Tulivyofanya siku moja, mteja anadai alituambia tusipakue mzigo. Hakuna anayekumbuka maneno. Mlinzi wa yadi akasema, mimi nakumbuka ilikuwa siku ya Sabasaba maana nilikuwa zamu peke yangu. Tukaenda tarehe 7 Julai. Dakika moja, tumeipata, na mteja alikuwa anasema kweli, tukamwomba radhi siku hiyo hiyo.

Kwa wasioijua Slack niwape kahistoria kake, maana kuna funzo ndani. Hawa watu walikuwa wanatengeneza gemu, inaitwa Glitch, ikashindwa, wakaifunga 2012. Timu yao ilikuwa imetawanyika, wengine Vancouver, wengine San Francisco, wakawa wanaongea kwa IRC, mtandao wa zamani ulioanzishwa 1988 na Jarkko Oikarinen kule Finland. IRC shida yake usipokuwepo maneno yanakupita na huyapati tena. Wakajitengenezea wenyewe njia ya kuyahifadhi na kuyatafuta. Gemu ikafa, kile kifaa cha pembeni kikabaki, wakakitangaza 2013, na 2021 kampuni ya Salesforce wakakinunua kwa dola bilioni 27.7. Jina lenyewe Slack ni herufi za mwanzo za maneno yenye maana ya kumbukumbu inayotafutika ya mazungumzo yote na maarifa yote. Yaani kutafuta kumo ndani ya jina.

Lakini hata hapo, sikilizeni vizuri. Rafiki yangu mmoja ofisi yao iliingia Slack ya bure. Wakafurahi sana, chaneli kila mteja, kila kitu safi. Mwezi wa tano mteja akaja na dai, wakaenda kutafuta makubaliano. Hayaonekani. Tangu Septemba 2022 ile ya bure inakuonesha siku 90 tu, ya nyuma yake mpaka ulipie, na tangu 2024 walianza kufuta kabisa yaliyozidi mwaka. Hakuna aliyewaibia, imeandikwa, ila nani aliisoma?

WhatsApp nayo ina lake. Kwa vile meseji zimefungwa kwa siri kati ya simu na simu, utafutaji unafanyika ndani ya simu yako wewe. Simu ikiibiwa Kariakoo na hukuwa na nakala, umepotea na kumbukumbu zote. Kijana mpya ukimwingiza kwenye grupu leo, kwa kawaida ya jana hayaoni. Kwenye Slack ya kulipia au Teams, akiingia chaneli ya wazi anakuta ya nyuma yanamsubiri.

Na kubaya zaidi ni inboksi. "Njoo inboksi nikupe namba." Jamani hiyo namba ni ya kazi, kwa nini iende chumbani? Nilishuhudia mtu wa bei akiacha kazi, kijana mzuri tu, hakugombana na mtu, ila makubaliano ya bei na wateja kumi na kitu yalikuwa kwenye inboksi yake na simu ni ya kwake. Alipoondoka tuliwapigia wateja mmoja mmoja tukiwauliza, samahani, sisi tunakutoza shilingi ngapi? Mteja anakusikiaje siku hiyo?

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na grupu sio daftari. Grupu ni baraza, watu wanaongea, inatakiwa waongee. Ila kikishaamuliwa kitu barazani, bei, tarehe, ruhusa ya kupakua, mtu mmoja akihamishe siku hiyo hiyo, kwenye shiti ya pamoja au hata kaunta buku lenye namba za kurasa, siwachagulii. Yale ya kila siku, kama namba ya akaunti na anwani ya yadi, yapini, yaani yabandike yabaki, juu ya grupu. WhatsApp inakuruhusu pini tatu, mwisho siku 30, kwa hiyo mtu apewe kazi ya kuzipini upya.

Na huyo mtu tafadhali asiwe yule yule mama mnayemuuliza kila kitu. Kila ofisi hapa ina mama mmoja au dada mmoja ambaye kichwa chake ndio mfumo wenu, muulize yeye, yeye anajua, mpigie hata akiwa likizo, mpigie hata akiwa wodini amejifungua. Nimeona hilo kwa macho yangu, simu inaita kitandani mtoto ana siku moja, anaulizwa namba ya BL. Mtu akitunza kumbukumbu za ofisi nzima kichwani halipwi kwa hiyo kazi, na hapumziki.

Sasa nimemaliza kusema, tufanye kazi. Simu zenu ziko mkononi bado? Kila mtu afungue grupu lake la kazi. Natoa dakika mbili. Nataka DO ya mwisho iliyotumwa mwezi uliopita, yenyewe, bila kumuuliza mtu na bila kuskrol hata mara moja. Ukiipata nyoosha mkono utuambie ulitafuta neno gani. Ukiikosa nyoosha pia, tuisome pamoja ile meseji tuone iliandikwaje.

Anzeni.

Ndiyo, dada wa kilemba cha kijani kule nyuma. Umetafuta neno gani?